Venye unaeza kuweka njia za miguu za Kisumu kwa ramani mpaka zifike kwa bajeti

Waya yangu, yaani shangazi upande wa baba, anakaa Manyatta na kila mwezi anaenda kliniki ya presha pale hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wazee bado wanaita Russia juu ilijengwa na msaada wa Wasovieti. Si mbali. Lakini anatembea na fimbo, na siku moja nilimsindikiza, tukafika mahali njia ya miguu imekatika ghafla, akasimama akaniangalia. "Nyathina, nikikanyaga hapa piki inanigonga, nikikanyaga pale naanguka kwa mtaro, sasa niambie nikanyage wapi."

Sikuwa na jibu. Jioni nikafungua ramani kwa simu nitafute hapo mahali, nikapata barabara ya magari imechorwa vizuri na jina lake, petroli steshoni iko, benki iko, baa iko, lakini pale waya alisimama hakuna alama yoyote, unaeza dhani hakuna binadamu hupita hapo kwa mguu, na ni mamia kila asubuhi.

Hapo ndio nilianza. Haya naandika ni yale nimejifunza nikifanya hii kazi Jumamosi baada ya Jumamosi, ndio wewe wa Nyalenda, Obunga, Bandani, Nyamasaria ama hata Nakuru uanze ukiwa umetangulia kidogo.

Chagua njia moja, mlango hadi mlango

Watu wengi wakisikia ramani wanataka kuchora jiji lote. Usifanye hivo. Chagua safari moja yenye mtu fulani anafanya kwa mguu kila mara, kutoka mlango wa nyumba mpaka mlango wa pale anaenda: nyumba hadi zahanati, steji hadi geti la shule, kichochoro cha Nyalenda hadi soko la Kibuye. Kilomita moja inatosha, mbili ni nyingi.

Sababu ni hii. Ukienda kwa ofisi useme Kisumu haina njia za miguu, kila mtu atakubali na hakuna kitu kitafanyika, juu hakuna injinia anaeza kupigia hesabu neno Kisumu. Lakini ukisema kutoka hili duka mpaka hili geti ni mita 140 hazina njia, upande wa kushoto kuna mtaro wazi, na mahali pa kuvukia hakuna rangi, hapo umempatia kitu anaeza kukipigia hesabu ya kabro (yale matofali ya kupanga chini), simiti na siku za kazi. Ramani ya njia moja yenye imekamilika ina nguvu kuliko ramani ya jiji zima yenye imejazwa nusu nusu.

Nenda na mwenye njia. Mimi nilitembea na waya, na nikajua vitu singewahi kuviona peke yangu, juu mimi naruka mtaro bila kufikiria. Ukipata mama mwenye amebeba mtoto mgongoni na karai kichwani, ama mtu wa kiti cha magurudumu, ama kijana asiyeona, mwombe kwa heshima, mwambie ni ya nini, tembea kwa mwendo wake na usimharakishe. Kama anakosa kazi ya siku juu yako, mlipe hiyo siku.

Ramani gani

Tumia OpenStreetMap. Ni ramani ya dunia nzima yenye ilianzishwa Uingereza mwaka wa 2004 na Steve Coast, na mtu yeyote mwenye akaunti anaeza kuongeza kitu na mtu yeyote anaeza kuchukua data yake bure. Hapa Kenya si kitu kigeni. Kibera ilikuwa doa tupu kwa ramani mpaka vijana wa pale wakaanza kuichora wenyewe mwaka wa 2009 kwa mradi wa Map Kibera, wakaweka vyoo, shule, zahanati na vichochoro. Na Septemba 2024 mkutano wa dunia wa watu wa OpenStreetMap, State of the Map, ulifanyika Nairobi. Kwa hivo ukikwama kuna Wakenya wengi wa kuuliza.

Kwa nini si ramani ile ya kampuni yenye iko kwa kila simu? Hiyo unaeza kuripoti kosa lakini data si yako, hutaeza kuitoa uipeleke kwa kaunti ikiwa na upana wa njia na aina ya sakafu. Na jambo moja ulishike sana: usinakili chochote kutoka Google Maps ukaweka kwa OpenStreetMap, hata jina la barabara. Leseni hairuhusu na kazi yako itafutwa. Unaandika yale umeona kwa macho yako, ama picha za setilaiti zenye zimeruhusiwa ndani ya programu yenyewe.

Vitu vya kubeba

Kama uko na Android, daunilodi StreetComplete. Hiyo ndio ya kuanzia, juu inakuuliza maswali ya kawaida ukiwa umesimama pale pale: hii barabara ina njia ya miguu upande gani, sakafu yake ni nini, kuna taa, hapa pa kuvukia ukingo umeshushwa. Wewe unagusa picha, yeye anaandika lugha ya ramani nyuma. Unaeza kushusha eneo ukiwa na waifai nyumbani, utembee bila bando, alafu utume ukirudi. Wa iPhone watumie Every Door, nayo pia iko kwa Android na ni nzuri ukitaka kuongeza vitu vipya kama maduka na milango.

Alafu beba tepu ya fundi ya mita tano, daftari na kalamu, betri ya akiba, maji. Daftari usidharau. Simu ikizima ama mvua ikianza, na mvua ya Kisumu inapenda kuja alasiri bila kubisha hodi, daftari ndio itakuokoa.

Tembeeni wawili. Mmoja anaangalia simu, mwingine anaangalia magari na watu. Usisimame katikati ya umati na simu mkononi umeinua, ingia pembeni kwa duka, andika, toka. Na ukiulizwa unafanya nini, na utaulizwa, juu mtu akiona unapima na tepu anafikiria anabomolewa, eleza polepole: ni ya njia ya miguu, si ya kubomoa, angalia hii hapa, unaeza kuona mwenyewe. Mimi humwonyesha mtu simu.

Nini cha kuangalia

Hapa ndio kuna kazi yenyewe na hapa ndio nataka ukae sana.

Upana. Pima pale penye mtu anaeza kukanyaga, si kutoka ukuta mpaka lami. Kama njia ni mita mbili lakini kuna nguzo ya stima katikati na imebaki sentimita 70 upande mmoja, basi hiyo njia ni ya sentimita 70. Kiti cha magurudumu kinahitaji kama sentimita 90 kupita bila kukwaruza, na viti viwili vikipishana ni karibu mita 1.8. Andika kile kipimo kidogo kabisa katika kila kipande.

Ukingo. Njia nyingi za kabro zimejengwa vizuri alafu zinaisha na ngazi ya sentimita 15 kushuka kwa lami, na hapo mtu wa kiti anarudi nyumbani. Hesabu ya rampu yenye mtu anaeza kupanda ni moja kwa kumi na mbili, yaani ukingo wa sentimita 15 unataka rampu ya urefu wa mita 1.8. Rampu ya nusu mita kwa ukingo kama huo ni ukuta umelazwa. Kwa ramani ukingo unaandikwa kerb=raised ukiwa juu, kerb=lowered ukiwa umeshushwa, kerb=flush ukiwa sawa na lami.

Mahali pa kuvukia. Weka alama pale watu wanavuka kweli, alafu useme kama kuna zebra, kama kuna taa, kama kuna bampu karibu. Kama rangi ilikuwa na imefutika mpaka huioni, basi kwa ramani hakuna rangi, juu ramani inasema yale yako chini leo, si yale yalikuwa wakati wa uzinduzi. Toa stopwochi upime muda. Barabara ya upana wa mita 14, mtu mzima mwenye afya anavuka kwa sekunde kama 12, lakini mtu wa fimbo anaeza kuchukua 20 na zaidi, na katika hizo sekunde nane za tofauti ndio piki inatokea nyuma ya matatu. Ukiandika hizo sekunde mbili pamoja, huhitaji kulia kwa ofisi ya mtu.

Sakafu. Kabro ni paving_stones, lami ni asphalt, maramu yenye imeshindiliwa ni compacted, udongo mtupu ni ground. Kwa sisi wa upande wa chini, Nyalenda huko kuelekea mto Auji, ule udongo mweusi unaonata ni habari nyingine kabisa, kiangazi ni njia nzuri tu na mvua ikinyesha usiku mmoja hakuna mtu anapita na viatu. Kwa hivo tembea njia yako mara mbili, siku kavu na siku ya baada ya mvua. Mvua ndefu ni Machi mpaka Mei, nyingine fupi ni Oktoba mpaka Desemba. Kuna alama ya mahali panapofurika, flood_prone=yes, itumie pale umeona maji kwa macho, si pale umesikia.

Mitaro. Andika kama imefunikwa ama iko wazi, na pale watu wameweka ubao ama jiwe la kuvukia, hilo ni daraja la watu, liweke kwa ramani kama njia ya miguu yenye bridge=yes. Nimeona ubao mmoja unavusha mtaa mzima, na ukioza mtaa mzima unazunguka.

Taa. Rudi usiku. Kisumu jua linazama kuelekea saa moja jioni mwaka mzima, na saa moja na nusu ndio watu wanatoka kazini na mamaa wanafunga biashara. Mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu, inaeza kuwa inawaka pale juu na kila mtu anasema mtaa uko na taa, lakini ingia kichochoro cha nyuma ya nyumba uone kama unaona vidole vyako. Andika kipande kwa kipande. Dada yangu ananiambia anazunguka njia ndefu kila jioni juu ya kipande kimoja cha giza, na mchana hicho kipande hakina shida yoyote, kwa hivo kama ningetembea mchana peke yake singekiona.

Kuingiza kwa ramani bila kuharibu

StreetComplete inafanya mengi lakini vichochoro vyenye haviko kabisa inabidi uvichore. Fungua openstreetmap.org kwa kompyuta, hata ya saiba, bonyeza kuhariri, itafunguka programu inaitwa iD yenye iko na picha za setilaiti nyuma. Chora mstari juu ya njia, chagua aina, jaza sakafu na taa na upana, alafu hifadhi ukiwa umeandika maelezo mafupi ya yale umefanya, kwa mfano, nimeongeza vichochoro na mitaro Manyatta baada ya kutembea.

Picha za setilaiti saa zingine zimesogea mita kadhaa na saa zingine ni za zamani, mti na mabati zinaficha njia. GPS ya simu nayo mahali wazi inakosea kama mita tano na katikati ya majengo inakosea zaidi. Kwa hivo usiamini kimoja peke yake. Linganisha na kitu hakisongi, kona ya jengo kubwa ama makutano ya barabara.

Makosa matatu nayaona sana.

La kwanza ni kushoto na kulia. Kwa hii ramani, kushoto si kushoto kwako ukiwa umesimama, ni kushoto ya mstari kufuata upande wenye ulichorwa. Ukikosea hapo umeweka njia upande wa mtaro na mtaro upande wa njia. Ndani ya iD ukigusa barabara utaona mishale midogo inaonyesha mstari unaelekea wapi, iangalie kwanza.

La pili ni kuandika barabara nzima kwa jibu moja. Barabara ya kilomita mbili yenye ina njia ya miguu nusu yake, ukiweka sidewalk=both, yaani njia iko pande zote mbili, umedanganya kilomita moja. Ikate pale njia inaisha, kuna mkasi ndani ya iD, ama bonyeza X, alafu kila kipande kipewe ukweli wake. Hizo sehemu za kukatika ndio kitu cha maana zaidi katika hii kazi yote, juu mtu haumii pale njia iko, anaumia pale inaishia.

La tatu ni kuchora njia ya miguu kama mstari wake peke yake bila kuunganisha na mahali pa kuvukia. Kuchora hivo ni sawa, hata ni bora penye kabro imetengwa na lami, na barabara yenyewe unaiandika sidewalk=separate. Lakini kama hujachora na zile sehemu za kuvukia zikaungana, basi programu za kuelekeza watu, kama OsmAnd, zitafikiria huwezi kuvuka hiyo barabara, zitamzungusha mtu wa miguu kilomita nzima. Kama huna muda wa kuunganisha, weka tu habari kwa barabara yenyewe, both, left, right ama no, inatosha kabisa kuanza.

Vitu vyenye havikai

OpenStreetMap ni ya vitu vyenye vitakuwa hapo mwezi ujao. Takataka, gari limeegeshwa juu ya kabro, mfuniko wa mtaro umeibiwa, rundo la mchanga wa mjenzi, hizo usiweke. Hizo tengenezea fomu kwa KoboToolbox, ni bure kwa kazi kama hizi, unaunda maswali matano hivi, mahali, tarehe, shida ni nini, upana umebaki ngapi, picha. Inafanya kazi bila mtandao na baadaye unatoa kila kitu kwa jedwali.

Kuhusu wauzaji nataka niseme wazi. Mama wa omena na mboga mwenye amekaa kando ya njia pale Kibuye hakukaa hapo kukuzuia, amekaa pale watu wanapita, na hao watu wanaopita ndio wateja wake, na jioni mimi na wewe tunanunua kwake. Ramani yako ikifika kwa ofisi ikiwa na nukta hamsini zimeandikwa muuzaji amezuia njia, kesho yake ni lori na askari. Mimi siandiki muuzaji kama kizuizi. Naandika upana umebaki ngapi, na naandika kama hapo karibu kuna nafasi ya kivuli na sakafu yenye wauzaji wangeeza kukaa bila watu kushuka kwa lami. Njia nzuri ya mita nne inabeba biashara na watembeaji pamoja.

Picha nazo, piga sakafu, ukingo, mtaro. Usipige nyuso, usipige watoto wa shule, usipige ndani ya boma la mtu. Kenya tuko na Data Protection Act ya 2019 na hata kama hakungekuwa na sheria, mtu hakukubali kuwa kwa ramani yako. Ukitaka kupiga picha za barabara nzima zenye watu wengine watatumia, Mapillary inaziba nyuso na namba za magari yenyewe, lakini hata hapo mimi hupiga asubuhi mapema ya Jumapili kabla barabara haijajaa.

Hesabu watu

Hii haiko kwa ramani lakini bila hiyo ramani yako itaitwa picha tu. Simama kwa ile sehemu mbaya zaidi ya njia yako saa moja asubuhi, dakika 15, chora mstari kwa kila mtu anapita kwa mguu, na mstari mwingine kwa kila mtu analazimika kushuka kwa lami. Zidisha kwa nne upate saa moja. Rudi jioni saa kumi na moja ufanye tena, na siku nyingine ya wiki, na siku ya soko. Tenganisha watoto wa yunifomu, wenye mizigo kichwani, wenye fimbo ama kiti. Siku ya kwanza nilihesabu nikiwa peke yangu nikakosa wengi, sasa tunafanya wawili, mmoja kila upande wa barabara.

Kutoa data na kuipeleka

Ukishaingiza, data inarudi kwako bure. Fungua overpass-turbo.eu, sogeza ramani mpaka eneo lako, bonyeza Wizard, andika highway=crossing, itakuletea kila mahali pa kuvukia penye pamewekwa. Andika sidewalk=no, itakuletea kila barabara yenye imesemwa haina njia ya miguu. Unaitoa kama faili, unaifungua kwa QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, kama unajua, na kama hujui tumia uMap, inatengeneza ramani ya rangi na linki ya kutuma kwa WhatsApp. Rangi tatu zinatosha, pale sawa, pale panabana, pale hakuna kitu.

Alafu toa karatasi moja. Moja tu, pande mbili. Upande wa mbele ramani ya hiyo njia na vipande vibaya vimepewa namba, upande wa nyuma kila namba na mita zake, shida, picha moja, na idadi ya watu wanapita kwa saa. Nilishawahi kupeleka ripoti ya kurasa nyingi kwa ofisi moja na nikaikuta pale pale kwa rafu miezi kadhaa baadaye. Karatasi moja mtu anaisoma akiwa amesimama.

Kabla hujapeleka, jua barabara ni ya nani. Serikali kuu iko na mamlaka tatu za barabara: barabara kuu za kitaifa ni za KeNHA, za kitaifa ndani ya miji ni za KURA, za kitaifa za mashambani ni KeRRA, na zingine ni za kaunti. Ukipeleka kwa ofisi si yake utaambiwa si yetu, na hiyo ni miezi imeenda. Kama hujui, andika barua uulize, na taja Access to Information Act ya 2016, ambayo inawapa siku 21 kujibu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe ubaki nayo.

Na jua mwezi. Mwaka wa bajeti wa kaunti unaanza 1 Julai, lakini ukienda Julai pesa imeshagawanywa. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unafaa kufika bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, ule mkakati wa fedha kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio yenyewe kabla ya 30 Aprili. Kwa hivo karatasi yako ikiwa tayari Julai hivi, iko mapema kuingia kwa mpango. Kwa vikao vya maoni ya wananchi kwa wadi, fika mapema, keti mbele, na ukipewa dakika mbili usizungumze juu ya maendeleo kwa jumla, inua karatasi, sema namba moja, mita 140, watu kadhaa kwa saa, tunaomba njia na rampu mbili. Hakikisha katibu ameandika. Mpe MCA, yaani mjumbe wa wadi kwa bunge la kaunti, nakala, na mpe mtu wa bodi ya jiji nakala, juu Urban Areas and Cities Act ya 2011 inawapa wakaazi nafasi ya kukutana na kutoa maoni juu ya jiji lao. Wa Nakuru hii inawahusu pia tangu mpate hadhi ya jiji 1 Desemba 2021.

Kitu kingine kinasaidia Kisumu ni kwamba mwaka wa 2020 kaunti, pamoja na shirika la mambo ya usafiri la ITDP na UN-Habitat ya Umoja wa Mataifa, walitoa mpango wa usafiri endelevu wa Kisumu, na kutembea kwa mguu kuko ndani yake kama jambo la kupewa kipaumbele. Kwa hivo huendi kuomba kitu kipya. Taja huo mpango kwa barua yako, useme hapa ndipo unaeza kuanzia kutekelezwa.

Waliokuja na mimi zile Jumamosi, waya ndio alitufundisha zaidi. Tulipomaliza kuchora njia yake nilimwonyesha kwa simu, akavaa miwani, akafuata na kidole mpaka pale alisimama siku ile, akauliza, "Hii nyekundu ni mimi?" Nikamwambia ndio, waya, hapo ndipo ulisimama.

Na kazi ikija kufanyika kwa njia yako, usikae nyumbani ukifurahia. Rudi na ile ile tepu kabla kontrakta hajaondoka, pima upana, pima rampu, angalia kama mfuniko wa mtaro umewekwa na kama njia imeunganishwa na pa kuvukia ama imeachwa ikining'inia. Kukikosekana kitu, barua iende hiyo wiki yenye mitambo bado iko barabarani, alafu fungua StreetComplete ubadilishe majibu pale pale.